John Kirk wa Zanzibar: konseli, kamera yake, na watu wasioonekana pichani

Ukifika msitu wa Jozani, Unguja, mtembezaji atakuonyesha kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na shungi jeupe utosini. Kitaalamu anaitwa Piliocolobus kirkii. Ukivuka bara ukamkuta digidigi kasimama kando ya njia ya vumbi, naye ni Madoqua kirkii. Kwenye misitu ya pwani kuna mmea unaotambaa wenye utomvu wa mpira, ukoo mmoja na mbungo, nao ni Landolphia kirkii. Wote watatu wamebeba jina la mtu mmoja: John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyefika Zanzibar mwaka 1866 kama tabibu wa ofisi ya Waingereza, akaondoka mwaka 1886 akiwa konseli mkuu, yaani mwakilishi wa Uingereza, ambaye ushauri wake Sultani hakuweza kuupuuza.

Kumweleza Kirk kuna ugumu wake, maana kila anayemtaja ana Kirk wake. Anayesoma habari za utumwa atakwambia ndiye aliyefunga soko la watumwa mwaka 1873. Anayefuatilia jinsi Sultani alivyopoteza bara atakwambia ndiye aliyemwacha Sayyid Barghash peke yake mwaka 1885. Watu wa mimea wanamjua kwa vifurushi alivyokuwa akivituma bustani ya Kew, London. Kirk mpiga picha hutajwa mwisho, kama vile kamera ilikuwa ya kujifurahisha Jumapili. Mimi naona tuanze hukohuko kwenye kamera. Kamera na kalamu yake zilikuwa na kazi ileile: kumfanya mtu aliyekaa London aamini jambo ambalo hajaliona kwa macho yake. Ukishajua kamera ilishindwa wapi, utajua kalamu ilibeba mzigo gani.

Daktari aliyejua kemia

Kirk alizaliwa mwaka 1832 katika kijiji cha Barry, Scotland, baba yake akiwa mchungaji. Alisoma udaktari Edinburgh, akamaliza mwaka 1854, na wakati wa Vita vya Crimea akapelekwa hospitali ya Waingereza ya Renkioi, karibu na mlango wa bahari wa Dardanelles. Enzi hizo kupiga picha ilikuwa shughuli ya watu wenye elimu ya dawa na kemikali. Hapakuwa na kitu cha kununua dukani kikiwa tayari. Ulichanganya mwenyewe, ukapaka mwenyewe, ukasafisha mwenyewe, na ukikosea kipimo picha ilitoka nyeusi tii au haikutoka kabisa. Daktari kijana aliyependa mimea na asiyechoka na vipimo alikuwa na sifa zote.

Machi 1858 aliondoka Liverpool na David Livingstone kwenda Zambezi. Msafara huo ulilipiwa na serikali ya Uingereza, na lengo lake lilikuwa kuona kama mto unapitika kwa meli, kama pamba inaweza kulimwa, na kama biashara halali inaweza kuchukua nafasi ya biashara ya watu. Kirk alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Mpiga picha rasmi alikuwa Charles, mdogo wake Livingstone, aliyepewa maagizo kwa maandishi: apate picha za watu wa makabila mbalimbali, na asichague wenye sura mbaya, bali wale wa hali nzuri wanaoweza kuwakilisha wenzao. Agizo lenyewe linastahili kusomwa mara mbili. Kabla kamera haijatolewa kwenye sanduku, ilikuwa imeshaamuliwa ni uso wa namna gani utakaoitwa uso wa kabila.

Charles hakufanikiwa sana. Picha zinazoheshimika za msafara ule ni zile alizopiga Kirk, tena bila kutumwa: mto kwenye korongo la Lupata, nyumba za mawe za Wareno pale Tete, mimea ya kingoni, mibuyu. Zimo miongoni mwa picha za kwanza kabisa kupigwa ndani ya bonde lile.

Ukizitazama, jambo moja linakukaa rohoni. Karibu hazina watu.

Kwa nini mto unaonekana hauna wenyewe

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe si dogo. Mtu akiona Zambezi tupu, na Tete yenye kuta na madirisha bila mkazi hata mmoja, anadhani nchi ilikuwa hivyo. Wengine, wajanja zaidi, wanadhani mpiga picha aliwafukuza watu makusudi ili nchi ionekane haina mwenyewe. Sababu kubwa imo ndani ya sanduku la kamera.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bamba la kioo: unamimina kimiminika kiitwacho kolodioni juu ya kioo, unakitumbukiza kwenye nitrati ya fedha, unakiweka ndani ya kamera kikiwa bado kimelowa, unapiga, kisha unakimbilia hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Kwa joto la Zambezi hiyo ni dakika chache tu. Maji ya mto yana tope, vumbi linanata kwenye kioo, na mawimbi ya joto ndani ya hema la giza yanaharibu dawa.

Njia ya pili ilikuwa ya karatasi. Karatasi nyembamba inalowekwa kwenye nta iliyoyeyushwa hadi inakuwa angavu kama karatasi ya kufungia maandazi ikishanyonya mafuta. Halafu inatiwa chumvi za iodini, inakaushwa, na inatiwa nitrati ya fedha. Uzuri wake ni kwamba ikishaandaliwa inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kutumika. Unatayarisha kambini, unasafiri nayo, unapiga ukipata nafasi, unaisafisha jioni au kesho yake kwa asidi inayofanya kazi polepole, saa kwa saa. Karatasi haivunjiki mtumbwi ukigonga mwamba. Kwa msafiri asiye na mkokoteni wala barabara, njia hii ilifaa zaidi.

Bei yake ilikuwa muda. Karatasi ya nta ilihitaji lenzi iachwe wazi kwa dakika nyingi, wakati mwingine hata zaidi ya robo saa. Mama aliyepita na mtungi kichwani hakuacha alama. Mtoto aliyesimama kidogo akaondoka aliacha ukungu. Wapiga makasia, wachukuzi, wapishi, askari wa Kireno, wote walipita mbele ya lenzi na wote wakafutika. Kilichobaki ni kile kisichotembea: ukuta, mwamba, mbuyu. Tete ya Kirk ilikuwa imejaa watu siku hiyo hiyo alipoipiga picha.

Sisemi kwamba kemia inamsafisha mpiga picha dhambi zote. Kirk angeweza kuwaomba watu wakae chini watulie, kama wengine walivyofanya. Alikuwa mtu wa mimea, jicho lake lilivutwa na mti. Lakini tukitaka kumlaumu, tumlaumu kwa alichochagua, tusimlaumu kwa kasi ya dawa.

Na msafara huo ulikuwa na hasara nyingi kuliko picha. Novemba 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mahali ambapo leo kuna bwawa la Cahora Bassa, mtumbwi wa Kirk ulipinduka. Alinusurika yeye, lakini mto ulichukua vyombo vyake vya upasuaji, bunduki, madaftari manane ya kumbukumbu na michoro ya mimea inayokaribia mia. Kazi ya miaka miwili. Tunachokijua kuhusu safari hiyo kupitia kwake ni kile kilichokuwa kwenye sanduku jingine.

Kitu ambacho kamera haikuweza

Julai 1861 Kirk alikuwa na Livingstone kwenye nyanda za juu za mto Shire, katika Malawi ya leo, kijijini kwa Mbame, walipokutana na msafara wa mateka wakipelekwa Tete. Wanaume walikuwa wamefungwa magogo yenye panda shingoni, wanawake na watoto wamefungwa kamba. Wasimamizi walikimbia, mateka wakafunguliwa, zaidi ya 80 kwa hesabu ya Livingstone, wengi wao wanawake na watoto.

Mchoro wa tukio hilo umezunguka dunia nzima. Uko kwenye vitabu vya shule, kwenye kuta za makumbusho, na siku hizi kwenye simu zetu, mara nyingi ukiandikiwa "picha ya watumwa Zanzibar". Si picha ya kamera, na haikuwa Zanzibar. Ni mchoro uliochongwa Uingereza kwa ajili ya kitabu cha msafara kilichotoka mwaka 1865. Kamera ya wakati ule isingeweza kuwakamata watu wakitembea. Kwa hiyo jambo zito kuliko yote ambalo Kirk aliliona Zambezi halikuweza kuingia kwenye lenzi yake. Liliingia kwenye shajara, kwenye barua na kwenye mikono ya wachoraji ambao hawakuwahi kufika.

Shajara zenyewe, zilizochapishwa zaidi ya miaka mia baadaye, si za kumpamba mtu. Kufikia mwaka 1862 Kirk alikuwa ameandika kwamba Livingstone hana akili timamu. Mwaka uliofuata alikwenda zake Uingereza.

Mabwana wawili, ofisi moja

Zanzibar ilimkuta akiwa na umri wa miaka 33. Ili kumwelewa pale, lazima tuelewe kiti alichokalia, maana kiti chenyewe kilikuwa na miguu isiyolingana. Mwakilishi wa Uingereza Zanzibar alikuwa konseli, mtu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya London. Papo hapo alikuwa wakala wa kisiasa wa serikali ya India, na Bombay ilikuwa na haja zake: wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa Unguja na mrima walihesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na ndio walioshika forodha na mikopo. London ilitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Bombay ilitaka raia wake wasifilisike. Barua zilikwenda huku na huku, na majibu yalichukua wiki hata miezi.

Juu ya hayo konseli alikuwa hakimu. Manowari za Kiingereza zikikamata jahazi, kesi ilisikilizwa Zanzibar, na yeye ndiye aliyeamua kama jahazi lilikuwa la watumwa kweli au la. Mabaharia walilipwa kwa kila mtumwa aliyekombolewa, au kwa tani za jahazi lililoharibiwa. Unaweza kuona tatizo lilipo. Nahodha anayelipwa kwa tani ana sababu ya kuona watumwa kila mahali, na wenye majahazi walilalamika kwamba vyombo vya biashara halali vilichomwa moto baharini kabla hakimu hajaviona. Kisha mabaharia wengi wa majahazi walikuwa watumwa wa nyumbani kwa mabwana zao. Je, jahazi lenye mpishi mtumwa ni jahazi la watumwa? Maswali ya namna hiyo yalijaa mezani kwa Kirk miaka mingi.

Hapa picha zinarudi tena, kwa namna nyingine. Mwaka 1868 watu waliokombolewa na manowari Daphne walipigwa picha juu ya sitaha, na picha hizo ziliwekwa kwenye mafaili ya Wizara ya Mambo ya Nje yahusuyo biashara ya watumwa. Ziko London hadi leo. Watu wanaonekana wazi, watoto na wakubwa, wamekonda mbavu nje. Wanaonekana kwa sababu wamekaa, na wamekaa kwa sababu wameambiwa wakae. Majina yao hayapo. Picha ilikuwa imepata kazi mpya, kuwa kiambatisho cha ripoti.

Juni 1873

Sayyid Barghash bin Said alirithi kiti mwaka 1870. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha majahazi. Mwezi Januari 1873, hata kabla nchi haijapona, akafika Sir Bartle Frere kutoka London na mkataba mkononi: usafirishaji wote wa watumwa baharini ukome, masoko yote ya wazi yafungwe. Barghash alikataa. Alisema mashamba yamekwisha, na Waarabu wake hawatakubali. Frere akaondoka bila saini.

Aliyepata saini ni Kirk. Amri ilipokuja kutoka London kwamba Sultani akikataa Zanzibar izingirwe kwa manowari, Kirk hakuanza na Sultani peke yake. Aliwaendea wakubwa wa mjini, mmojammoja, akawaeleza maana ya kuzingirwa kwa kisiwa kinachokula mchele kutoka nje. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini na soko likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa palepale.

Watu hupenda hadithi iishie hapo. Haikuishia. Kwa kuwa bahari ilifungwa, wafanyabiashara waliwaswaga watu kwa miguu kutoka Kilwa kufuata pwani kwenda kaskazini, safari mbaya kuliko ya jahazi. Ilibidi Barghash atoe marufuku nyingine mwaka 1876 kuzuia misafara ya nchi kavu. Utumwa wenyewe, wa mashambani na majumbani, ulibaki halali Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, miaka 11 baada ya Kirk kuondoka. Alichofunga Kirk ni mlango mmoja mkubwa.

Baada ya hapo uhusiano wake na Barghash ukawa wa ajabu kidogo. Mtu aliyemlazimisha akageuka mshauri wake. Mwaka 1875 Sultani alikwenda Uingereza, Kirk akiwa naye. Mwaka 1877 Luteni Lloyd Mathews alianza kumfundishia jeshi. Kirk alikuwa na nyumba na bustani huko Mbweni, akipanda miche ya kigeni na kutuma ya kienyeji Kew. Mwaka 1884 alituma Kew sampuli za kijiua cha zambarau ambazo hazikutosha kukitambulisha. Miaka michache baadaye Mjerumani aitwaye Saint Paul-Illaire alikipata Usambara, na jina likawa Saintpaulia. Leo kinauzwa kwenye vikopo dunia nzima, na Kirk hatajwi.

Waya uliomnyamazisha

Mwaka 1885 si wa kueleweka bila kutaja mkongo wa telegrafu. Uliwekwa chini ya bahari na kufika Zanzibar mwaka 1879. Kabla ya hapo konseli alikuwa mbali na mabwana zake, na umbali ulimpa nguvu: aliamua kwanza, akaeleza baadaye. Mkongo ulipofika, London iliweza kumwamuru kabla jua halijatua.

Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters na wenzake walipita Saadani kwenda Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, wakirudi na karatasi walizoziita mikataba. Februari 1885 Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akawapa hati ya ulinzi. Barghash alipinga, na Kirk aliona wazi kwamba Sultani ana hoja. Lakini Uingereza ilimhitaji Bismarck, kansela wa Ujerumani, kwa mambo ya Misri, na telegramu zilizomfikia Kirk zilimtaka asiwapinge Wajerumani. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri. Ndani ya meli mojawapo alikuwamo Bibi Salme, dada wa Sultani aliyeolewa na Mjerumani, ameletwa kama karata ya kutishia. Kirk alimshauri Barghash akubali. Alikubali. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Kirk alikuwa ameshaondoka Julai. Barghash alifariki Machi 1888.

Wapo wanaosema Kirk alimsaliti rafiki. Wengine wanasema alikuwa karani aliyetii amri. Maoni yangu ni kwamba nguvu yake yote tangu mwanzo ilitokana na kuaminiwa London, na nguvu ya kuazima mwenyewe anaweza kuidai siku yoyote. Barghash, aliyejenga siasa zake zote juu ya urafiki ule, ndiye aliyelipa.

Ukikutana na picha zake

Karatasi na picha za Kirk ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh, za Zambezi pamoja na za Zanzibar. Nakala zake, pamoja na picha za studio za Wagoa kama A. C. Gomes, huzunguka mtandaoni zikiwa zimechanganywa na kuandikiwa maelezo ya kubuni. Kabla hujaamini maelezo hayo, angalia kama kuna kitu kinachotembea. Kama mtu anatembea na hakuacha ukungu, picha haiwezi kuwa ya karatasi ya miaka ya 1850, hata ikiandikwa hivyo kwa wino wa dhahabu. Angalia kama ni mchoro wa kuchongwa: mistari yake huonekana ukikuza kwenye simu. Kisha uliza maelezo yameandikwa lini na nani.

Kirk aliishi hadi mwaka 1922. Alikwenda Brussels mwaka 1889 kuiwakilisha Uingereza kwenye mkutano wa kupinga biashara ya watumwa, na baadaye akakaa kwenye kamati ya serikali iliyosimamia ujenzi wa reli ya Uganda kutoka Mombasa. Kufikia hapo mabamba makavu na filamu za Kodak zilikuwa zimeshaenea, na lenzi ilifunguka na kufunga kwa sehemu ya sekunde. Katika picha za reli ile watu wamejaa tele: vibarua kutoka India wakibeba mataruma, wachukuzi wa Kiafrika wakivuka daraja la muda, wengine wamegeuka kutazama kamera. Chini ya picha, mara nyingi, aliyetajwa jina ni injinia peke yake.